Kamera Isiyo na Mkanda

Usiniulize ilitengenezwa mwaka gani.
Kanda yenyewe ilifika Kitangali bila jalada,
ndani ya robota la mitumba, imeviringwa kwenye koti la baridi,
Chilumba akaichukua kwa bei ya vitumbua viwili.

Hadithi nyepesi. Mtengeneza filamu
mwenye miwani ya jua hata usiku wa manane
anaingia mji mdogo, anatangaza anatafuta nyota.
Kamera anayo. Mkanda wa kutia ndani hana.
Miezi mitatu anaupiga mji picha za hewa:
diwani anataka kucheza mfalme,
mwalimu mkuu anatoa mbuzi
ili aruhusiwe kufa polepole zaidi,
mashangazi wawili wanashikana kanga, nani alie mbele.
Na kila anayeuliza habari ya ujira
anashikwa bega, anaambiwa kwa upole:
"Pesa kesho, bwana. Leo nakupa umaarufu."

Hapo banda zima husema naye.

Mimi nilikuwa wa nje, wa tundu la mianzi,
nililichimba kwa kidole, likanipa nusu ya skrini.
Miaka miwili niliamini diwani anaongea peke yake.
Ndani, Somoe Nampulu muuza mihogo
alicheka kabla. Sentensi mbili, tatu kabla.
Mgeni angedhani karukwa na akili,
mpaka kichekesho kifike kikihema
na kumkuta Somoe anajifuta machozi.

Na dakika ya arobaini na kitu, kovu.
Deki iliutafuna mkanda msimu mmoja wa mvua.
Picha inakoroma, inamwaga chenga,
inaporudi bwana yule amelowa chapachapa
na ana kiatu kimoja.
Kwa nini? Tukajaza wenyewe.
"Kasukumwa kisimani!"
"Kisima gani," akabisha Mnali, "huku juu
ndoo tunanunua, yeye maji ya kulowa kayapata wapi?"
Basi mwaka ule akawa kamwagiwa pombe ya mabibo.
Mwaka uliofuata, mikojo ya yule mbuzi.

Kisha ukaja msimu ambao malipo ya korosho yalikwama.
Karani wa chama akapanda juu ya mzani,
akakohoa, akasema fedha ziko njiani.
Kimya. Stakabadhi mia tatu mikononi.
Kutoka nyuma, sauti ya taratibu:
"Pesa kesho, bwana."
Na uwanja mzima: "Leo nakupa umaarufu!"
Karani, naye mtoto wa banda lile,
aliuma mdomo, ukamponyoka, akacheka
huku ameinamisha kichwa.
Hatukulipwa siku ile. Wala wiki ile.
Ila tangu hapo hakupanda tena juu ya mzani.

Mwaka jana kijana wa Nandonde kaileta kwenye simu,
safi, nzima, rangi kama jana.
Tukakaa. Tukasogea. Ikafika dakika yenyewe.
Bwana anakanyaga sabuni, anatumbukia beseni la dobi.
Basi.
Mtu akaguna. Mtoto akauliza, "Ndiyo hiyo?"
Mnali akasema, "Zima. Weka yetu."
Chilumba akaivuta deki kutoka uvunguni,
akaipuliza vumbi, akaipiga kofi moja la ubavuni
kama anavyoamshwa punda.

Mwisho wake unajulikana: kamera inafunguliwa
mbele ya mji mzima, na ndani hamna kitu,
buibui tu, na yeye anaonekana kashangaa.
Nawe ungetegemea mawe.
Lakini wananyamaza, wanatazamana,
na diwani anarekebisha taji lake la bati:
"Tupige tena. Mara moja tu. Mara ya mwisho."

Tunawacheka mpaka mbavu ziume.
Halafu jenereta inazimwa, tunatoka gizani,
baridi ya Newala inatupokea mlangoni,
na mtu mmoja anawasha tochi ya simu.
Mkono wangu, sijui nani kautuma,
ulikuwa tayari unanyoosha kola.

Nyuma yangu Somoe
alikwisha kucheka.